Kiganja kwa Kiganja

Jioni ile nilikuwa na shughuli moja tu: kupanga glavu mezani, kufunga mlango, niende zangu kufuturu.

Ilikuwa mwaka 2015, na Ramadhani ilikuwa imeangukia katikati ya baridi ya Johannesburg. Sisi watu wa Tanga tumezoea kufunga kwa kiu na jasho. Hapa nilifunga kwa kutetemeka. Afadhali siku zenyewe ni fupi: saa kumi na moja na nusu jua limeshazama, adhana inalia kwenye simu, unatia tende mdomoni.

Nilikuwa na chumba cha kazi Doornfontein, chini kabisa ya jengo kuukuu, mwisho wa korido ndefu. Mlango wa barabarani ulikuwa mmoja, na pale mlangoni alikaa Papa Firmin, fundi viatu, Mkongo wa Lubumbashi. Hakuna aliyeweza kunifikia bila kumpita yeye na nyundo yake. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi na wezi. Na wengine wale, wasioonekana, nao sikuwawazia. Ramadhani mashetani hufungwa minyororo, ndivyo tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu wadogo. Mwezi mmoja katika mwaka mtu anaweza kupita kizani kifua mbele.

Mimi ni fundi cherehani. Lakini baridi ikiingia nilikuwa nauza glavu za mitumba, zile nene za Ulaya za kutelezea kwenye theluji kwa skii. Zinakuja ndani ya marobota pamoja na makoti. Joburg hakuna mtu anayeteleza kwenye theluji, lakini walinzi walizipenda sana, na wapiga debe wa teksi pia.

Nilikuwa na mambo mawili ya kujivunia.

La kwanza ni kupima. Situmii futi. Mteja ananyoosha kiganja, nami naweka changu juu yake, kidole kwa kidole, na hapo hapo najua saizi yake. Mikono yangu ni mikubwa. Marehemu mama alikuwa akinitania kwamba nilimwibia baba.

La pili ni kuzirekebisha. Glavu za skii zina kitu cha ajabu ndani, kati ya ngozi ya nje na pamba. Ni mfuko mwembamba wa nailoni, wenye umbo la mkono, vidole vyote vitano. Ukikunja ngumi unachakacha. Chaka… chaka… kama pakiti ya krispi. Wateja walilalamika. Mimi nikaamua kwamba ni nailoni ya kufungia tu, imesahauliwa kiwandani. Basi nikawa nafumua mshono wa ndani, nauchomoa ule mfuko, nashona tena kwa uzi wangu wa kijani. Glavu inatoka laini, kimya, ya kupendeza. Mifuko yenyewe niliisokomeza kwenye gunia la mchele chini ya cherehani. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na fundi ni mimi?

Umeme ukakatika. Mgao, kama kila siku mwaka ule.

"Mama Nusaiba!" Papa Firmin akaita kutoka mlangoni. "Courant ilienda, eh! Uko na bougie?"

"Mshumaa ninao, Papa!"

Nikauwasha, nikaubandika juu ya kopo. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amesimama mbele ya meza.

Sikusikia hatua zake.

Alikuwa mrefu, amejifunika kofia ya koti mpaka kwenye nyusi, na skafu imempanda mpaka puani. Mikono yote miwili ilikuwa mifukoni. Kulikuwa na harufu ya sufu iliyoloa, na nyuma yake harufu ya friji iliyofungwa siku nyingi bila kufunguliwa.

"Asalaam aleikum," nikasema.

Hakuitikia.

"Karibu, kaka. Unataka nini?"

"Glavu." Alinong'ona, sauti ya mtu aliyekaukiwa koo.

"Za kazi gani?"

"Za theluji."

Nikacheka. Njaa ya saumu hunifanya niwe na mdomo. "Theluji utaiona wapi hapa, kaka? Labda ukae ndani ya friza."

Hakucheka. "Ziwe na joto," akanong'ona. "Zidumu… na ziwe za kupendeza."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia mahali, kwa mpangilio uleule. Lakini magharibi ilikuwa imekaribia, na mteja ni mteja. Nikamwekea jozi tatu kwenye mwanga wa mshumaa: nyeusi ya ngozi yenye manyoya kwenye kifundo, ya buluu yenye mkanda wa kukazia, na nyekundu kwa nyeusi yenye mstari mweupe kila kidole. Nikaanza kumfundisha, maana kuchagua glavu ni kazi.

"Anza na dole gumba. Glavu mbovu huchanikia hapo. Hii imeshonwa mara mbili, unaona? Halafu tazama kifundo, kiwe kirefu, kiingie ndani ya mkono wa koti, theluji isipate njia. Na kiganja kiwe cha ngozi, kitambaa kitakwisha upesi. Jaribu."

Mikono yake haikutoka mifukoni.

"Zivae wewe."

"Mimi?"

"Zivae. Nikunjie vidole… hapa." Akainamisha kichwa, akanisogezea sikio.

Nilishawahi kupata wateja wa kila aina. Mmoja alizinusa, mwingine aliziuma. Nikavaa ile nyeusi, nikakunja ngumi karibu na kofia yake. Kimya. Nikavaa ya buluu. Kimya. Nikavaa nyekundu. Nikakunja na kukunjua, mara mbili, mara tatu. Baridi iliyotoka kwenye ile kofia ilinipiga usoni.

"Hazichakachi," akasema.

"Ndiyo ufundi wangu huo!" nikajibu, na mpaka leo naona aibu jinsi nilivyojidai. "Zilikuwa na kelele, nimezitoa. Kuna kijana wetu wa Tanga, Luqman, mwezi uliopita nilimuuzia jozi kama hii nyekundu. Kapata kazi Lesotho, kwenye mlima wanaoteleza wageni kwa skii. Alizipenda hatari. Mpaka leo hajarudi kulalamika."



To… Kitu kilidondoka sakafuni. To… to… Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koti lake, wakati nje hakukuwa na tone la mvua. Joburg haipati mvua mwezi huo.

"Hajarudi?" akauliza.

"Hajarudi," nikasema. Safari hii sauti yangu ilitoka ndogo.

"Nipime."

Sikutaka. Lakini mkono wangu umezoea kazi kuliko mimi. Nikavua glavu, nikanyoosha kiganja cha kulia juu ya meza.

Akautoa mkono mfukoni taratibu. Mshumaa ulikuwa unayumba, sikuuona sawasawa. Niliona kitu cheupe, cha majivu. Akakiweka kwenye kiganja changu.

Baridi… Mola wangu, baridi ile! Ukishika trei ya barafu kwa mkono wenye maji, ngozi inanata. Ilinata hivyo hivyo. Nikalinganisha, kama nilivyozoea, kidole kwa kidole. Kidole changu kidogo kikapita hewani. Cha pete kikapita. Cha kati kikapita. Vya kwake viliishia kwenye kiungo cha pili.

Havikuwa vifupi.

Vilikuwa havipo.

Nikavuta mkono. Haukutoka. "Kaka, niachie," nikanong'ona. Nilitaka kupiga kelele nimwite Papa Firmin, lakini koo langu lilitoa mnong'ono tu, kama wa kwake. "Kaka, tafadhali… mikono hii ndiyo inayonilisha."

"Ina joto," akasema. "Nitakaa nayo. Mpaka uniletee zangu." Akainama, na ile harufu ikanijaa puani. "Zinazochakacha… Da Nusa."

Joburg nzima wananiita Mama Nusaiba, au fundi. Da Nusa ananiita mtu mmoja tu.

Simu ikaanza kuadhini. Mshumaa ukazimika. Mkono wangu ukaanguka juu ya meza, na mimi nikaanguka chini ya meza.

Papa Firmin alikuja mbio na tochi ya simu, na mfuko wa magwinya, yale maandazi ya huku, aliyoninunulia nifuturu nayo. Akanikuta nimejikunyata kwenye gunia la mchele.

"Mama, ni nini? Ulikuwa unasema na nani?"

"Mteja… yule mrefu. Amepita kwako sasa hivi."

Akanitazama. "Hakuna muntu alipita. Mi niko ku mulango tangu saa kumi, sijatoka, hata ku toilette sijaenda." Kisha akamulika sakafu. Kulikuwa na maji. Yalianzia mbele ya meza, yakaenda mpaka ukutani, upande usio na mlango. Hapo yakakatika.

"Na hii mayi?" akauliza polepole. "Ilitoka wapi?"

Nilichukua tende kwa mkono wa kulia. Ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Kidole kidogo, cha pete, na cha kati vilikuwa vinang'aa weupe, na sikuhisi chochote.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, alikuja Seif. Seif ni mtu wa Tanga, dereva wa lori, na ndiye anayewaosha maiti wetu wanaume hapa mjini. Akiingia mahali bila kutabasamu, watu husimama. Alikuwa amebeba begi la mgongoni.

"Dada Nusaiba, Luqman amefariki," akasema.

Nikakaa.

Akanieleza bila kupamba. Usiku wa Jumanne theluji ilianguka sana kule mlimani. Gari la wafanyakazi likakwama njiani, Luqman akajitolea kushuka kwa miguu kuomba msaada. Walimkuta asubuhi, kilomita mbili tu kutoka kambini. Glavu zililowa, maji yakaganda ndani yake, zikawa jiwe. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani, ina chaji na ina mtandao.

"Vidole havikuweza kufungua zipu," Seif akasema. "Mfuko tu ule, dada. Angefungua zipu angeishi. Maiti inaletwa leo, tunamzika kesho."

Akafungua begi, vitu vya Luqman vilivyotangulizwa na wenzake, akatoa glavu nyekundu kwa nyeusi zenye mstari mweupe. Zilikuwa zimechanwa kwa mkasi kuanzia kifundo mpaka kwenye vidole. Bado zilikuwa zinadondosha maji. Kwenye mshono wa ndani kulikuwa na uzi wa kijani.

"Waliokuwa naye wanasema glavu za aina hii zina nailoni ndani, inayozuia maji. Hizi hazina. Wanashangaa alinunua wapi."

Alijua. Alikuwa anatazama uzi uliokuwa kwenye cherehani yangu.

"Vidole vyake…" nikasema. "Vitatu vya kulia. Vimeishia kiungo cha pili."

Seif akarudi hatua nyuma. "Nani amekwambia? Vilivunjika walipokuwa wanamvua glavu, na mimi mwenyewe nimeambiwa saa hii kwenye simu."

Nikamwambia yote. Kofia, maji, kiganja. Nikamwonyesha vidole vyangu. Alivibonyeza, akavichoma kidogo kwa ncha ya ufunguo, na hata damu haikutoka. Akatikisa kichwa, lakini si kwa nguvu.

"Ni uchovu na njaa. Mwezi huu mashetani wamefungwa minyororo, dada. Hilo unalijua."

"Nalijua," nikasema. "Ndiyo maana naogopa."

Kama si shetani, alikuwa Luqman mwenyewe. Mtoto wa watu, aliyenisalimu kwa adabu mwezi mmoja kabla, akaweka kiganja chake kizima juu ya changu, akasema: Da Nusa, nataka ziwe na joto, zidumu, na ziwe za kupendeza. Akaondoka anacheka. Nilimuua kwa kujua kwangu kwingi. Sikukusudia, lakini nilimuua, na hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Mchana ule nilimwaga gunia la mchele sakafuni. Mifuko ya nailoni ikatawanyika, mikono mitupu mingi, inachakacha kila nilipopita. Nikachagua miwili mizima. Nikachukua ile jozi nyekundu ya mezani, nikaifumua, nikairudishia nailoni yake, nikaongeza pamba, nikashona mara mbili kwenye dole gumba. Vidole vyangu vitatu havikunisaidia kitu; sindano iliingia na kutoka bila mimi kujua. Saizi sikuhitaji kuikisia. Niliikumbuka. Nilipomaliza nilikunja ngumi ndani yake karibu na sikio langu.

Chaka… chaka…

Nikalia.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Seif nje ya chumba cha kuoshea maiti, amekunja mikono ya kanzu. Nikampa.

"Mvalishe."

"Dada…"

"Mvalishe, Seif. Amezifuata mwenyewe."

"Maiti havalishwi glavu. Ni sanda tatu, basi. Hilo huhitaji kufundishwa na mimi."

"Basi ziweke pembeni yake. Chini ya miguu. Popote."

"Kaburini hakuwekwi kitu!" Kisha akateremsha sauti, maana watu walikuwa wameanza kutugeukia. "Naogopa kama unavyoogopa wewe. Lakini siwezi kumpeleka kwa Mola wake amevaa mitumba. Niombe kitu kingine chochote."

Nikampigia magoti, pale pale kwenye saruji, mwanamke mzima. Alinirudishia glavu zangu akiwa anatazama pembeni.

Wakamtoa. Wanaume wakapokezana jeneza mpaka kwenye gari. Mimi nilibaki getini na jozi yangu kifuani, na nikajua punde watamlaza ubavu wa kulia, kwenye udongo wa mwezi wa saba, mikono mitupu.

Sasa ni mwaka 2018.

Vidole vitatu vimekuwa vitano. Kila baridi ikija, ganzi inapanda kidogo, na baridi ikiondoka ganzi hairudi ilikotoka. Mwaka jana ilifika kwenye kifundo cha mkono. Hospitali wamenipima kila kitu, wanasema damu haifiki, hawajui kwa nini. Papa Firmin ananiombea kila Jumapili kanisani kwao La Rochelle, na akija kazini hutazama kwanza sakafu yangu kama ni kavu. Seif hapiti tena Doornfontein. Mimi nashona kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nauweka juu ya kitambaa, unakishikilia kwa uzito wake tu. Hauna kazi nyingine. Miaka miwili haujakunja hata kidole kimoja.

Glavu zangu zote nimezirudishia nailoni. Wateja wakilalamika kelele, nawaambia nenda kwingine. Ile jozi ya Luqman inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Siiuzi. Jioni za baridi naitazama nasema: zako hizo, mdogo wangu, zichukue, nirudishie mkono wangu. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Mpaka jana.

Umeme ulikuwepo, taa inawaka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano kwa meno, nje pale kwenye robot, taa za barabarani, teksi zinapiga honi. Nikasikia.

Chaka… chaka…

Moyo uliruka, na naapa uliruka kwa furaha. Nikafikiri amekuja. Amezivaa, anazijaribu, ataniachia. Nikainua macho msumarini.

Zilikuwa zinaning'inia tuli. Tupu.

Chaka… chaka…

Sauti haikutoka msumarini. Ilitoka mezani, mbele yangu, juu ya kitambaa. Nikateremsha macho polepole.

Ulikuwa mkono wangu wa kulia. Ulikuwa unakunja vidole na kukunjua, taratibu, kama mtu anayejaribu glavu dukani kabla ya kuichukua.

Si mimi niliyeukunja.

Asubuhi ya leo, wakati naweka kifungo cha koti la mteja, sindano iliingia kwenye kidole kidogo cha kushoto. Nikaitazama imesimama kwenye nyama. Sikuhisi kitu. Nimekiweka kidole mdomoni, nimekipulizia, nimekisogeza kwenye moto wa mshumaa. Kimepoa vilevile. Wala sijamuuliza Papa Firmin kwa nini sasa ni wa kushoto, maana jibu nalijua. Mimi ndiye niliyeuza glavu miaka yote hii, na hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniomba ya mkono mmoja.